Miezi Tisa ya Harry Thuku: Siasa Ilivyozaliwa Katikati ya Nairobi



Barabara ya Harry Thuku ni fupi. Inaanzia University Way, inapita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hoteli ya Norfolk, ukumbi wa michezo wa taifa na majengo ya shirika la utangazaji la KBC, na kabla mtu hajachoka kutembea imekwisha. Wanafunzi wanaipita kila siku, watangazaji wanaipita, watalii wanashuka pale na masanduku yao. Ukiwauliza Thuku alikuwa nani, wengi watakwambia alikuwa mpigania uhuru. Jibu hilo si baya, ila halitufikishi mbali, kwa sababu Thuku alikufa mwaka 1970 akiwa mkulima wa kahawa aliyekwisha kuwapinga hadharani waliopigana msituni, na vijana wengi wa siasa walikuwa wamemsahau zamani. Kilichomfanya apewe barabara ile hasa, si nyingine ndefu na pana kuliko hiyo, ni mambo ya miezi tisa: kuanzia Juni 1921 hadi Machi 1922.

Jioni ya leo nataka kuyasema mawili tu. La kwanza, Harry Thuku alifanywa na mji. Siasa yake haikutoka kijijini kwao Kambui ikaingia Nairobi. Ilipikwa humu humu tao, katika ofisi, mitambo ya uchapaji na vyumba vya kupanga. La pili, risasi za Machi 1922 ziliua watu, kisha zikaifukuza siasa ya Waafrika kutoka mjini na kuirudisha makwao, kila kabila na lake. Gharama ya hilo la pili tunailipa mpaka sasa.

Tuanze na mji wenyewe. Reli ya Uganda ilifika hapa Mei 1899. Palikuwa na kinamasi, mto wa maji baridi ambao Wamaasai waliutumia kunyweshea mifugo, na tambarare iliyowafaa wahandisi waliotaka mahali pa kupangia mabehewa yao kabla ya kuupanda mteremko wa Bonde la Ufa. Hakuna aliyekaa akafikiria kujenga mji. Walijenga stesheni, na mji ukaota pembeni yake. Mwaka 1902 tauni ilipoingia kwenye soko la Wahindi, maofisa waliamuru soko lote lichomwe moto, nalo likachomwa. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya 1904, na mwaka uliofuata makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa. Hivyo katika miaka sita, kambi ya reli ikawa makao makuu ya nchi bila hata kuwa na mifereji ya maji machafu inayoeleweka.

Kila kundi likapewa pake. Wazungu walipanda vilimani upande wa magharibi, kwenye udongo mzuri na upepo. Wahindi walibanwa kwenye soko na mitaa ya karibu, eneo ambalo leo ni Biashara Street na viunga vyake. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa na serikali, aliandika ripoti iliyopendekeza jamii zitengwe rasmi kimakazi kwa sababu za kiafya. Afya imetumika sana katika historia ya Nairobi kuwahamisha watu. Yeyote atakayeandika historia ya mipango ya jiji hili inafaa aanzie kwa mganga, mhandisi aje baadaye.

Na Mwafrika? Yeye katika mpango wa mji alikuwa mpita njia. Alihitajika mchana, afue, apike, asukume mkokoteni, abebe barua. Usiku alale nyuma ya nyumba ya mwajiri au avuke aende kwenye vijiji vilivyoota vyenyewe pembezoni. Sikilizeni majina ya vijiji hivyo: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Waliovijenga wengi walikuwa Waswahili na watu waliofuata misafara na reli kutoka pwani, wakajenga nyumba za udongo zenye vyumba vya kupangisha, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani na ya kisimani. Wamiliki wengi wa nyumba za Pangani walikuwa wanawake. Mkikuyu, Mkamba, Mjaluo, Mganda na Mnyamwezi walikuwa wakipanga vyumba vilivyopakana, wakimlipa kodi mwenye nyumba yule yule. Naomba jambo hili mlikumbuke, maana chama cha Thuku kilitoka katika vyumba hivyo.

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu, akasomeshwa na wamisheni wa Gospel Missionary Society. Aliingia Nairobi mwaka 1911, kijana wa miaka kumi na sita, akapata kazi benki ya kutumwa hapa na pale. Haikupita muda akafungwa miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi. Wapo wanaopenda kuliruka hilo wanapomsifu. Mimi naona ni sehemu ya elimu yake ya mjini. Alipotoka gerezani aliajiriwa na gazeti la walowezi, The Leader of British East Africa, kama mpanga chapa.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mpanga chapa wa zama zile alisimama mbele ya sanduku lenye vishimo vingi, kila kishimo na herufi yake ya risasi. Aliokota herufi moja moja, akizipanga kwenye fimbo ya chuma huku zimegeuka kinyume, kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo. Hawezi kuipanga sentensi asiyoisoma. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa akilipwa na walowezi wenyewe kusoma, herufi kwa herufi, walivyokuwa wakibishana juu ya namna ya kumpata Mwafrika wa kufanya kazi mashambani kwao: kodi ipandishwe kiasi gani, ujira ushushwe kiasi gani, machifu wabanwe vipi. Sidhani kama kulikuwa na chuo Afrika Mashariki nzima ambacho kingemfundisha siasa ya ukoloni kwa undani kama huo.

Baadaye akawa mwendesha simu katika idara ya Hazina ya serikali. Kutoka kwenye maandishi ya walowezi akaingia kwenye sauti za maofisa. Alijua nani anampigia nani. Mtu wa namna hii hakuwepo kijijini wala hangeweza kuwepo. Kazi zenyewe zilikuwa katikati ya Nairobi tu.

Vita Kuu ilipokwisha mambo yakabana. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Carrier Corps walikuwa wamekufa katika kampeni ya Tanganyika, na waliorudi walikuta shukrani ya aina yake. Sheria ya uandikishaji ya 1915, iliyokuwa imelazwa kwa sababu ya vita, iliamshwa na kuanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima akalazimika kubeba kipande. Wenye wazee waliokivaa mtakuwa mmesimuliwa: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, ujira, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuruhusiwa kuondoka, imekunjwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri akikataa kutia sahihi, huwezi kwenda kwingine. Ukimkimbia, polisi wana alama za vidole vyako. Waliokivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Juu ya kipande ikaja kodi, iliyopanda mpaka shilingi 16. Sarafu nayo ikabadilishwa, rupia ikaenda florini na florini ikaenda shilingi ndani ya muda mfupi, na kila mabadiliko yalimwacha mtu wa chini akihesabu na kushindwa. Mwaka 1921 bei za mazao zilipoanguka, walowezi walikubaliana kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Na kwenye mashamba ya kahawa ya Kiambu, machifu walikuwa wakiwapeleka wanawake na wasichana kwa nguvu kuchuma, wengine wakalala huko huko na kurudi wakiwa wamedhulumiwa. Gavana Northey alikuwa ametoa waraka mwaka 1919 uliowahimiza maofisa wawasaidie walowezi kupata vibarua, wanawake na watoto wakiwemo. Machifu wakausoma waraka huo kama amri, na sioni ungesomwa vipi vingine.

Machifu wa Kikuyu walikuwa na chama chao, Kikuyu Association, kilichoshughulika zaidi na ardhi na kuwasilisha malalamiko kwa adabu. Vijana wa mjini hawakuwa na ardhi ya kulindwa sana. Walichokuwa nacho ni mshahara, na umekatwa. Juni 1921 Thuku na wenzake wakaunda Young Kikuyu Association. Wiki chache tu baadaye, mwanzoni mwa Julai, wakalibadilisha jina likawa East African Association.

Badiliko hilo la jina ndilo kiini cha mhadhara wangu. Katika wiki chache hizo Kambui haikuwa imebadilika. Ila katika mji, mwenye kipande ni Mkamba na Mkikuyu na Mjaluo sawasawa. Ujira uliokatwa ni wa mpishi kutoka Kavirondo, upande wa Nyanza, na wa dereva kutoka Fort Hall. Kulikuwa na Waganda waliokuwa wakichapisha gazeti lao la Sekanyolya hapa hapa Nairobi. Kulikuwa na Wakikuyu Waislamu, na mmoja wao, Abdullah Tairara, alikuwa miongoni mwa vigogo wa chama. Chama cha kabila moja kingekuwa chama cha chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Watu hawa hawakukaa wakasoma nadharia ya umoja wa Afrika, ingawa Thuku aliwaandikia Wamarekani weusi wa chuo cha Tuskegee. Walitazama tu ni nani waliokuwa wakikaa nao.

Halafu kuna Mhindi. Manilal Desai, karani wa ofisi ya mawakili aliyegeuka mhariri, alikuwa na gazeti lake, East African Chronicle, na mtambo wa kuchapa. Wahindi walikuwa na ugomvi wao na walowezi juu ya haki ya kupiga kura na ardhi ya nyanda za juu. Desai akampa Thuku nafasi ofisini na kumchapishia karatasi za chama. Mojawapo iliitwa Tangazo, nayo iliandikwa kwa Kiswahili. Kumbukeni Thuku alikuwa mpanga chapa: alijua uzito wa karatasi iliyochapwa mbele ya mtu aliyezoea kuona vitu vya namna hiyo vikitoka serikalini tu. Julai 1921, baada ya mkutano wa hadhara Nairobi, simu ya maandishi ikapelekwa moja kwa moja London kueleza malalamiko ya Waafrika, na ndani yake ikasemwa kwamba baada ya wamisheni, Wahindi ndio marafiki zetu wakubwa.

Sentensi hiyo ilileta zogo kuliko malalamiko yenyewe. Machifu wakaruka, wamisheni wakaghadhibika, walowezi wakadai kijana huyu ni chombo cha Wahindi. Serikali ikamfukuza kazi Hazina. Naona walifanya kosa kubwa la kiutawala: mtu aliyekuwa na saa za jioni tu kwa siasa, sasa walimpa siku nzima.

Akazitumia. Alizunguka Kiambu na Fort Hall kwa gari aliloazimwa, akafika hadi Kisumu, na Desemba 1921 vijana wa upande ule nao wakaunda Young Kavirondo Association. Mikutano ikakua. Wanawake wakaanza kumwita kiongozi wao, maana ndiye aliyelitaja jambo la wasichana wa mashambani kwa sauti. Mwanzoni mwa 1922 watoa habari wa serikali waliripoti kwamba anawaambia watu wavikusanye vipande vyao na kwenda kuvitupa mbele ya nyumba ya gavana. Mtu wa mashambani akisema hivyo ni mkaidi wa kufungwa na mkuu wa wilaya. Mtu wa Nairobi akisema hivyo, mwenye mtambo wa kuchapa, gari, na wafuasi kutoka kila kabila ambao ndio wanaoendesha jikoni na ofisi za mji, hilo ni jambo jingine.

Walimkamata jioni ya Machi 14, 1922, nyumbani kwake Pangani, wakamweka katika kituo cha polisi cha Kingsway, mahali palipo Central Police hivi leo. Kesho yake watu hawakwenda kazini. Wapishi, madobi, madereva na matopasi waliziacha kazi zao, wakamiminika Kingsway. Asubuhi ya Alhamisi, Machi 16, umati ulikuwa umefika maelfu, baadhi ya hesabu zikisema saba au nane elfu. Wajumbe sita wakaenda kuonana na Sir Charles Bowring, Katibu wa Koloni, wakarudi na ahadi kwamba Thuku hatadhuriwa na ombi kwamba watu watawanyike. Wanaume wakaanza kugeuka.

Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliposimama. Mashuhuda wanasimulia kwamba aliinua nguo yake mpaka mabegani na kuwaambia wanaume waichukue, wampe yeye suruali zao, kwa kuwa kiongozi wao yumo ndani nao wanaondoka. Kwa Wakikuyu, mwanamke mzima kujiweka wazi hivyo mbele ya wanaume ni laana nzito, na walioiona waliielewa pale pale. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele hadi karibu na singe za askari. Risasi zikalia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Simulizi nyingi, ya Thuku mwenyewe ikiwemo, zinasema walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao wakajiunga, wakiwapiga waliokuwa wakikimbia.

Serikali ilitaja waliokufa 21. Wafanyakazi wa Kiafrika katika chumba cha maiti walihesabu 56, na wengine wametaja zaidi ya mia. Tofauti hiyo yenyewe inaeleza ni nani aliyekuwa na haki ya kuhesabu Nairobi. Wimbo wa Kanyegenuri ulitungwa na wanawake kuyakumbuka hayo, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameyarejea katika riwaya yake ya A Grain of Wheat, hivyo kusahaulika kabisa hayakusahaulika. Ila angalieni yaliyofuata katika mji, kwa sababu huko ndiko wanahistoria wetu wasikokaa sana.

Thuku hakushtakiwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu bila kesi, wakati huo ikiwa bado chini ya Kenya, kisha Lamu, Witu na Marsabit, akarudi mwishoni mwa 1930. Gazeti la Desai lilikufa mwaka huo huo wa 1922. Desai mwenyewe alifariki Bukoba mwaka 1926. East African Association haikusimama tena. Huko Nyanza, Shemasi Mkuu Owen aliwachukua vijana na kuwageuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, wakihubiriwa usafi na vyoo. Kwa Wakikuyu, Kikuyu Central Association (KCA) iliyoanza mwaka 1924 ilikuwa na vijana wakali, lakini jina limerudi nyuma: ni la Wakikuyu. Serikali ikaanzisha mabaraza ya wenyeji ya wilaya, ikawaambia watu wenye malalamiko wayapeleke huko, kila mtu kwao.

Na vijiji vile? Pumwani ilikuwa imefunguliwa kama makazi rasmi ya Waafrika, na vile vya kujiotea vikaanza kubomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani ilivumilia zaidi. Ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakapelekwa Shauri Moyo, jina lililobeba uchungu wa waliohamishwa. Wenye nyumba wa Pangani walipoteza nyumba na kupewa upangaji. Ule mchanganyiko wa vyumba uliomzaa Thuku, serikali iliukata kwa nyundo.

Thuku aliyerudi hakuwa yule. Aliongoza KCA kwa muda mfupi, wakagombana, akaanzisha chama chake cha upole mwaka 1935, Kikuyu Provincial Association, kikiahidi utii. Wakati wa vita vya msituni vya Mau Mau alisimama upande wa serikali. Alishika kahawa, na akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika uongozi wa chama cha wakulima wa kahawa. Watu humwita msaliti, wengine humtetea kwamba miaka minane ya uhamisho ingemvunja yeyote. Mimi naona ni rahisi zaidi: alipotolewa mjini, siasa yake haikuwa na mahali pa kusimama. Aliyerudi alikuwa mwenye shamba, na akafikiri kama mwenye shamba.

Waingereza walijifunza kitu mwaka 1922, nao hawakukisahau. Mwaka 1955, Mau Mau ikiwa imeanza kudhibitiwa, waliporuhusu vyama vya Waafrika tena, waliviruhusu kwa wilaya tu. Hakuna chama cha nchi nzima. Vigogo wengi wa uhuru walilelewa katika sheria hiyo, wakajifunza kuhesabu kura kwa kabila kabla ya kujifunza kuhesabu kwa nchi.

Nairobi peke yake iliendelea kuukataa mgawanyo huo wa kikabila, kabla ya sheria hiyo na baada yake. Mgomo mkuu wa Mei 1950, baada ya kukamatwa kwa viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai, ulikuwa mgomo wa mji, Mhindi na Mkikuyu wakiwa pamoja tena kama Desai na Thuku. Mwaka 1961, Tom Mboya aligombea Nairobi East, eneo ambalo wapiga kura wake wengi walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Daktari Munyua Waiyaki. Mboya, Mjaluo, alimshinda kwa kishindo ambacho hata wafuasi wake hawakukitarajia. Waliompigia kura walikuwa wapangaji wa Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, wengine watoto wa waliofukuzwa Pangani. Miaka minane baadaye, Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, akitoka dukani. Thuku alikuwa bado hai. Alifariki Juni iliyofuata.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Maswali nayakaribisha, na kama yupo hapa mzee wa Shauri Moyo ambaye wazazi wake walitolewa Pangani, naomba aanze yeye, maana kuhusu nyumba zile anajua kuliko mimi.